Ngozi ya Spika ya Kushoto

Ilianza Jumanne, saa tisa na dakika ishirini alasiri, nikiwa nimesimama mlangoni mwa duka la fundi redio pale Majengo, mjini Meru, na kopo la mafuta ya taa mkononi. Saa naikumbuka kwa sababu ukutani mwa duka lile palikuwa na saa kubwa ya duara, na mimi mwaka ule nilikuwa mtu wa kutazama saa. Sikuwa na kitu kingine cha kutazama. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kuitwa chuo, nimetoka kwetu Embu kuja kukaa na dada Rwamba, binti wa mjomba wangu, aliyekuwa nesi wa zamu ya usiku. Akirudi asubuhi, mimi natoka kitandani, yeye anaingia. Tulipokezana kile kitanda kama watu wa shamba moja wenye jembe moja. Mchana analala, na mimi sina budi nitoke, ama nikae kwenye kigoda kati ya jiko na ndoo ya maji, nisigongeshe hata kijiko. Kwa hiyo nilikuwa natembea. Nilikuwa nakwenda kununua mafuta ya taa hata kama taa imejaa.

Ndani ya duka redio moja ilikuwa wazi, matumbo nje, inasoma habari. Wazee wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakibishana kama mvua ya mwaka ule ingefika Muthara au ingeishia njiani kama kawaida yake. Juu ya sauti ya msomaji habari kulikuwa na mluzi, mwembamba kama uzi wa buibui, haupumziki. Uliniuma mpaka kwenye meno. Mimi nilikuwa na aibu, msichana wa kujibu akishaulizwa mara mbili, na mpaka leo sijui ni nini kilichonisukuma. Nikasema, "Inapiga mluzi."

"Nani anapiga mluzi?" mzee mmoja akauliza, akageuka kutazama barabarani.

"Redio."

Wakacheka. "Huyu mtoto wa wapi? Redio inasoma habari, yeye anasikia mluzi! Angalia nje vizuri, pengine ni mchumba anakuita."

Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa mzee mrefu wa kofia nyeupe ya kufuma, miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba. Alichukua bisibisi ndogo, akaiingiza ndani ya redio, akazungusha kidogo. "Sasa?"

"Bado."

"Sasa?"

"Umepungua."

"Sasa je?"

"Umekwisha."

Akaweka bisibisi chini, akanitazama kwa muda. "Unaitwa nani, binti?"

"Wawira."

"Kesho njoo saa tatu, Wawira. Nitakutafutia kiti."

Nayakumbuka haya sasa kwa sababu Fundi Athumani amefariki. Binti yake Zuhura alinipigia simu, nikatoka Embu siku hiyo hiyo, lakini Waislamu hawaweki maiti. Nilipofika Meru alikuwa ameshazikwa. Nikavua viatu, nikaketi mkekani na wanawake, nikapewa chai ya tangawizi. Zuhura, ambaye mwaka ule ninaousimulia alikuwa ameolewa mbali na hatukuwahi kuonana, alisogea karibu yangu akauliza kitu ambacho nadhani alikuwa amekihifadhi muda mrefu. "Dada Wawira, baba miaka yake ya mwisho alikuwa haongei na mtu. Tukimpazia sauti anakasirika, tukinyamaza anakasirika. Marehemu mama alikuwa akisema wewe na yeye mlikuwa mnashinda pamoja kutwa nzima. Mlikuwa mnaongea nini?" Nikamwambia hatukuwa tunaongea. Aliniangalia kama mtu anayefichwa jambo. Lakini ndio ukweli. Tulikuwa tunasikiliza, na hata hilo tulikuwa tunalifanya nusu nusu, mimi nusu yangu na yeye nusu yake.

Kazi yangu ilikuwa kusikia. Fundi Athumani alikuwa amefanya kazi ya mitambo kwenye studio moja Nairobi miaka ya mwanzo ya uhuru, na masikio yake yalikuwa jina lake. Watu walileta redio kutoka Maua na Chuka ili "masikio ya Athumani" yaziguse. Sasa umri ulikuwa umemkata sauti kwa juu, kama mtu anavyokata vilele vya majani chai. Lori alilisikia, ngoma aliisikia, mwanamume akiongea alimsikia. Nyenje, birika likichemka, kengele ya baiskeli, hivyo vilikuwa vimemhama. Hakuniambia. Alisema, "Mimi nasikia. Nataka shahidi tu. Kesi haiamuliwi na mtu mmoja." Nilijua wiki ya kwanza, nilipomwona akishika karatasi nyembamba ya sigara mbele ya spika ndogo ya sauti za juu, anatazama kama inatetemeka. Sikusema kitu. Majengo nzima, nadhani, ilijua na haikusema kitu, maana fundi redio asiyesikia ni sawa na kinyozi asiyeona, na watu walimpenda.

Na mimi nilihitaji kile kiti. Niseme wazi: kile kigoda karibu na meza ya fundi ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho Meru. Sokoni nikisema Kiembu wanawake walicheka kwamba naimba; nikijaribu Kimeru walicheka zaidi. "Muga, karudie tena!" wananiambia, wakiiga salamu yangu ya Kimeru, na mimi narudi nyuma na nyanya zangu. Majengo waliongea Kiswahili hata na watoto wachanga, Kiswahili cha haraka chenye utani ndani yake, na changu kilikuwa cha kitabuni, cha kutafutia alama. Nilikuwa naandika shajara kila siku. Kuna siku nzima imeandikwa hivi: "Leo nimeongea na muuza maziwa. Alinipa pole. Sijui ya nini." Siku iliyofuata ile ya mluzi niliandika ukurasa mzima, na wote ulikuwa juu ya meza ya fundi: risasi ya kuunganishia nyaya inavyoyeyuka na kunuka, nyaya za rangi, kikombe cha misumari midogo, na jinsi mtu anavyoweza kukaa na mtu mwingine asubuhi yote bila kuulizwa mbona umenyamaza.

Mchana Mama Zuhura, mkewe, aliniita nyuma ya pazia la duka nikale na yeye na jirani zake. Ijumaa pilau, siku nyingine chapati na maharagwe, au ndizi za kupika na nyama ya mifupa. Nilikula polepole kwa woga. Nikitoka kunawa mikono nilikuwa nawasikia nyuma yangu, maana wao hawakujua masikio yangu yanafika wapi.

"Huyu mtoto wa Kikristo anakula kama chiriku. Kwao hawali?"

"Kwao ni mukimo, dada. Ukimpa mukimo utaona kama atabakisha."

"Muache azoee. Mzee tangu aje huyu anarudi nyumbani anacheka peke yake."

"Si amepata sikio la kuazima!"

"Shh. Usiseme hivyo hata mchezo."

Spika zilikuja wakati wa mvua za masika, nyuma ya pikapu, zimefungwa blanketi kama wagonjwa. Zilikuwa mbili, za mbao nyeusi nyeusi, kila moja kubwa kama banda la kuku. Aliyezileta aliitwa Bwana Nyaga, mwalimu wa kwaya kutoka Embu, mtu mnene wa suti ya kahawia, aliyekuwa na chumba cha kurekodia nyimbo za kanisa. Alizipata kwa Wazungu fulani waliokuwa wakitengeneza vipindi vya mahubiri na wakafunga studio yao wakaenda.

"Mzee, hizi sio spika za harusi," akasema kabla hata hajasalimia vizuri. "Spika ya harusi inakubembeleza. Hizi ni za studio. Hizi zinakuambia soprano wako ana mafua."

"Nazijua," fundi akasema. Alikuwa anapitisha kiganja juu ya mbao kama anayempapasa ng'ombe. "Nimeishi mbele ya hizi."

"Basi unajua shida yangu. Agosti akina mama wa kwaya wanakuja kurekodi, kwaya baada ya kwaya. Nikirekodi bila hizi mimi ni mtu anayepika gizani. Spea nimetafuta Nairobi mpaka viatu vikaisha. Wananiambia hata huko zilikotoka hawatengenezi tena. Kama hazitapona, wacha nizifanye kabati la vyombo."

"Hutazifanya kabati."

Bwana Nyaga akanigeukia, akasema kwa lugha yetu, "Na wewe, kairitu, we ni wa kwetu?" Niliitikia kwa kichwa tu. Ilikuwa miezi tangu mtu mzima aniite msichana kwa Kiembu.

Tulizifungua wiki ile. Ndani kulikuwa na pamba, na ndani ya pamba nyumba ya panya, nadhifu, imetandikwa nyuzi za kitambaa cha mbele ya spika. Spika yenyewe, ile kubwa ya besi, ina karatasi ngumu ya umbo la faneli, na karatasi hiyo hushikwa pembeni na ukingo laini unaoiwezesha kwenda mbele na kurudi. Ukingo huo ulikuwa wa sifongo, na sifongo ilikuwa imeoza ikawa kama lami. Ukigusa inakufuata kidoleni. Fundi alisema kutengeneza tu hakutoshi, tutaziboresha. Tulitoa kapasita za zamani zilizovuja tukatia mpya, tukabadilisha nyaya, na seremala akatukatia vipande vya mbao ya muringa vya kukaza sanduku kwa ndani lisitetemeke. Hayo yote yalikuwa mepesi. Kilichobaki ni ukingo. "Sifongo ilikuja baadaye," fundi akasema. "Kabla ya sifongo watu walitumia ngozi. Ya mtoto wa mbuzi. Na hapa tuko Majengo, mbuzi ni wa kutafuta?"

Bucha ilikuwa ya Bakari, rafiki yake. Bakari alicheka mpaka akaegemea kigogo cha kukatia nyama. "Baba Zuhura! Sasa unataka kuvalisha redio koti?" Lakini asubuhi iliyofuata alituchinjia mtoto wa mbuzi wa Muthara, tukachukua ngozi ingali na joto. Tuliiloweka kwenye maji ya majivu manyoya yakatoka, nikaipaka mafuta ya mbarika, nikaikwangua kwa kipande cha chupa juu ya tako la sufuria, siku baada ya siku, mpaka ukiweka kidole upande wa pili unaona kivuli chake. Tukakata duara, tukabandika kwa gundi ya viatu. Ili koili, ule waya uliosokotwa nyuma ya karatasi ya spika, ikae katikati ya sumaku isiguse chuma, dada Rwamba alituletea vipande vya picha za eksrei zilizotupwa, za mbavu za watu nisiowajua, tukavichomeka pembeni mpaka gundi ikauke, tukavitoa. "Mnatengeneza spika ama mnatengeneza mtu?" aliniuliza, nusu amelala.

Ngozi ya pili ilichelewa. Mtoto wa mbuzi mwenye ngozi nzuri hakupatikana siku tuliyomtaka, na alipopatikana sisi hatukuwepo. Fundi alikuwa na homa. Bakari, kwa wema wake, akatuwekea. Akafanya alivyofanya na ngozi zote anazowawekea watu wa lori la ngozi: akaishindilia chumvi, akaikunja. "Nimekutunzia, haitaoza hata mwaka," akasema kwa fahari. Tulimshukuru. Tukaiosha, tukaifanyia yale yale, ikawa ukingo wa spika ya kushoto.

Siku ya kwanza tuliyoziwasha zote mbili, mvua ilikuwa imeisha na jua lilikuwa limeingia mpaka mezani. Bwana Nyaga alikuwa ametuachia kaseti ya kwaya ya akina mama. Nilikuwa nimesikia redio maisha yangu yote na nilidhani najua kusikia. Sauti haikutoka kwenye masanduku. Ilisimama hewani katikati ya duka, safu mbili za wanawake, na ningeweza kutembea kati yao. Kabla ya ubeti wa pili mwanamke mmoja alivuta pumzi. Hakuimba bado, alivuta tu pumzi. Nikageuka kumwambia fundi, nikakuta hatazami spika. Ananitazama mimi.

"Nini?" akauliza.

"Kuna mama amevuta pumzi."

"Yuko wapi?"

"Kulia. Nyuma ya wengine, amejitenga kidogo."

Akatabasamu, akashusha mabega. "Basi zimepona." Ndipo nilipoelewa kwamba wakati wote ule alikuwa anazisoma zile spika usoni mwangu. Nilifurahi sana. Leo, nikiwa na umri unaokaribia wake wa wakati ule, ninapofikiria uso wake siku hiyo naona kitu ambacho msichana yule hakuweza kukiona. Wimbo aliokuwa ameufufua ulikuwa unapigwa kando yake, na yeye alikuwa nje ya mlango, ananiuliza walio ndani wanafanya nini. Nilikuwa nikidhani upweke wa duka lile ni wangu.

Julai ikaja, na Julai ya Meru unaijua: ukungu unashuka kutoka mlimani, nguo hazikauki, watu wanaongea ndani ya mashuka. Asubuhi moja tuliziwasha na nikasikia mkwaruzo. Upande wa kushoto, besi ikishuka chini kabisa.

"Mzee, ya kushoto inakwaruza."

"Wapi?"

"Besi ikishuka. Kama kucha juu ya mkeka."

Akaweka sikio karibu, akaweka na vidole juu ya karatasi ya spika. "Hakuna."

"Upo, Mzee."

"Hakuna, nimesema. Besi mimi naisikia kuliko wewe."

Na hapo alikuwa sahihi. Besi aliisikia. Lakini mkwaruzo sio besi, mkwaruzo ni kitu chembamba kinachopanda juu ya besi kama kiroboto juu ya ng'ombe, na yeye alikuwa anamsikia ng'ombe tu. Ningemwelezaje hilo bila kumwambia lile lingine? "Masikio yako yana baridi," akasema. "Nenda kaote moto kwa Mama Zuhura." Nilikwenda. Adhuhuri, duka lilipopata joto, nilirudi nikasikiliza: kimya, safi, hakuna kitu. Kesho yake asubuhi, mkwaruzo. Nikasema tena, akanikatiza kwa mkono. Baada ya hapo nilianza kutilia shaka masikio yangu mwenyewe, na msichana ambaye hana kingine ila masikio akiyatilia shaka hayo, amebaki na nini? Shajara ya wiki zile imejaa hali ya hewa.

Asubuhi ya siku ambayo Bwana Nyaga angekuja kuzichukua, nilifika mapema nikapangusa vumbi. Ukingo wa kushoto ulikuwa laini kupita kiasi, umelegea, na unyevu ulikuwa umetulia juu yake kama jasho. Wa kulia ulikuwa mkavu. Nikaugusa kwa ncha ya ulimi. Chumvi. Nikaugusa wa kulia: mafuta na gundi. Basi. Chumvi ya Bakari ilikuwa bado ndani ya ngozi, inakunywa ukungu kila usiku. Ngozi inalegea, koili inakaa upande, inakwaruza chuma. Jua likipanda inakauka na kusahau.

Fundi aliingia na kanzu safi ya kumpokea mgeni, yeye mwenyewe amebeba jiko la makaa mekundu. Akaliweka katikati ya duka. Nikafungua mdomo. "Mzee, ile ngozi ya kushoto—"

"Leo usiseme kitu, binti," akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu anayeomba. "Leo niachie mimi."

Bwana Nyaga alikuja saa za chai. Duka lilikuwa na joto kama jikoni. Wale wazee wa benchi walikuwepo, kama kwenye mahari. Akaketi mbele ya spika, akatoa kaseti yake, akafumba macho. Wanawake wakasimama hewani wakaimba. Kushoto hakukuwa na mkwaruzo hata kidogo. Alipofumbua macho yalikuwa na maji.

"Mzee. Wewe ni daktari."

"Nimezisikiliza mwenyewe," fundi akasema. "Asubuhi na jioni. Kwa masikio yangu haya. Ziko safi."

"Si tulisema!" wazee wakadakia. "Athumani ni Athumani."

Bwana Nyaga akaanza kukunjua blanketi zake. Kisha, kwa ukunjufu tu, kama mtu anayempa mtoto peremende, akanigeukia. "Na wewe kairitu wa kwetu? Umezisikiaje?"

Ningesema nzuri. Kila mtu mle ndani alikuwa ananisubiri niseme nzuri. Zingepanda pikapu, zingeshuka Embu, na mara ya kwanza ukungu ukiingia kwenye chumba chake akina mama wangekuwa wanaimba na kucha inapita juu ya mkeka, na yeye hangejua kama ni spika au ni mwimbaji. Mimi ningebaki na kigoda changu. Nilimwangalia fundi. Alikuwa ananitazama usoni, kama kawaida yake, na nadhani alijua kabla sijafungua mdomo, kwa sababu uso wangu alikuwa ameuzoea kuliko spika yoyote.

"Ya kushoto inakwaruza," nikasema. "Asubuhi kukiwa na baridi. Ngozi ina chumvi, inavuta maji."

"Wawira," fundi akasema.

"Hili jiko ndilo lililoikausha."

"Mtoto hana adabu huyu!" mzee mmoja akasema. "Unamkosoa mzee mbele ya mgeni?"

Bwana Nyaga akaacha blanketi. "Mzee, ni kweli?"

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. "Sijui."

"Hujui vipi, na umesema sasa hivi umezisikiliza asubuhi na jioni?"

"Nimesema." Akatazama mikono yake. "Sisikii, Bwana Nyaga. Vitu vyembamba vimenipotea siku nyingi. Huyu ndiye anayesikia."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale wazee alisema, "Lakini sote tunazeeka, Athumani," na hakuna aliyemjibu. Bwana Nyaga akasema chumba chake cha Embu ni baridi kama kisima, kwa hiyo atalala mjini, na alfajiri atakuja asikie mwenyewe kabla jiko halijawashwa. Akatoka. Wazee wakatoka mmoja mmoja. Fundi akafunga duka jua likiwa bado juu, akaondoka bila kuniambia tutaonana.

Mama Zuhura alikuwa nyuma ya pazia wakati wote. "Si ungemwambia faraghani?" akaniuliza.

"Nilimwambia."

"Ungemwambia tena."

Jioni dada Rwamba alikuwa anajifunga kofia yake ya nesi mbele ya kioo. "Una nini wewe?" "Hakuna." "Haya, funga mlango vizuri." Akaenda zamu. Nilikaa kitandani, kitanda kizima changu, nikasikiliza Majengo ikifunga milango yake, kila mlango na sauti yake.

Asubuhi nilikwenda. Nilijiambia nakwenda kuona tu kama kumefunguliwa. Ukungu ulikuwa mzito, na Bwana Nyaga alikuwa amesimama mbele ya mlango uliofungwa, koti limepanda hadi masikioni. Mama Zuhura akatokea kwenye uchochoro, ufunguo umefungwa kwenye pindo la leso. "Mzee amesema leo haji. Amesema fungua wewe."

"Amekasirika?"

"Amejilaza mkekani anatazama ukuta. Fungua, mgeni anapigwa na baridi."

Nikafungua. Nikawasha mitambo, nikaweka kaseti, na besi iliposhuka mara ya kwanza Bwana Nyaga akainua kidole. "Nimesikia. Kama panya kwenye gunia." Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akazima mwenyewe. "Nitarudi ngozi mpya ikikauka. Lakini nani ataifanya?" Nilichukua wembe nikakata ukingo wa kushoto mzunguko mzima, nikautoa, nikautupa kwenye debe la taka akiona.

Nilikwenda kwa Bakari. Wanaume walikuwa wamejaa wakisubiri nyama ya kifungua kinywa, na mimi nikasema juu ya vichwa vyao, kwa sauti iliyonishangaza, kwamba nataka ngozi ya mtoto wa mbuzi ya leo, isiguswe na chumvi. Bakari alinitazama, hakutania. Akanifungia kwenye gazeti, ina joto.

Maji ya majivu yangechukua siku zake, lakini sikuweza kusubiri. Nilikata kipande cha pembeni, nikanyoa manyoya kwa wembe ule ule, nikabeba sufuria na kipande changu cha chupa mpaka nyumbani kwa fundi. Mama Zuhura alinipisha mlangoni bila kuuliza. Mzee alikuwa vile mkewe alivyosema, amejilaza ukumbini, mgongo kwetu. Sikusalimia; asingenisikia bila kuuona uso wangu. Niliketi sakafuni, hatua chache nyuma yake, nikaanza kukwangua. Unene wa ngozi macho hayaujui sawasawa, wala sikio. Unajulikana kwa vidole vilivyoshika nyingi, na vyangu vilikuwa vimeshika mbili tu. Nilikwangua mpaka nikafika pale ambapo sikuweza kujua tena kama imetosha au nitaitoboa. Nikainuka, nikazunguka mkeka, nikapiga magoti kati yake na ukuta mahali alipokuwa anatazama, nikachukua mkono wake na kuiweka ngozi juu ya kiganja, vidole vyake viniambie kama imetosha.